Kabla Hujamwelekezea Mwenzako Kamera

Juma lililopita kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, aliniandikia: "Dada, ninatumia kiti mwendo na ninataka kutengeneza filamu kwa simu pamoja na wenzangu wenye ulemavu. Nianzie wapi?" Swali hilo limenikalia moyoni, kwa sababu siwezi kulijibu bila kueleza kosa nililolifanya hapa Moshi, ambalo linaniuma hadi leo.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni, na niliamini kwamba hilo lilitosha kunifanya nielewe shida za kila mwenye ulemavu. Tulipokutana watu wanane huko Pasua, tukiwa na simu tatu za kuazima, nilijitwika kazi ya kuongoza, kurekodi na kuhariri, kisha nikaiita kazi hiyo shirikishi. Mmoja wetu alikuwa dada kiziwi anayeuza mitumba Soko la Memorial. Nilimrekodi kwa karibu sana, uso wake ukijaa kwenye kioo, ili watazamaji waone hisia zake. Tulipoitazama picha ile pamoja, ikiwa imeangazwa ukutani, alisogea pale, akaonyesha mahali ambapo mikono yake ilipaswa kuonekana, akaenda kuketi nyuma kabisa. Nilikuwa nimemnyamazisha. Lugha ya alama husemwa kwa mikono, uso na kiwiliwili kwa pamoja, na picha inayoishia kidevuni humwacha msemaji bila maneno.

Kesho yake nilimkabidhi simu. Alirudi na kipande alichokirekodi mwenyewe, akieleza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: mimi nikitaka kuzungumza na mama yangu hununua dakika, lakini yeye na mdogo wake, ambaye naye ni kiziwi, hulazimika kupigiana simu ya video, ambayo hula bando upesi, na mtandao ukiyumba mikono huganda na sentensi ikakatikia njiani. Hivyo kwake yeye mazungumzo yaleyale yana gharama kubwa kuliko kwangu, na hakuna mradi wa kugawa simu utakaoliona hilo usipomuuliza.

Mwenzetu asiyeona alisimamia sauti. Simu yake humsomea yaliyo kwenye kioo, ila programu ya kuhariri tuliyoichagua haikuwa na majina kwenye vitufe vyake, ikabaki kumtamkia "kitufe, kitufe". Tukaiacha, tukatafuta nyingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usihariri peke yako. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wanakijiji walirekodiwa wakieleza matatizo yao, na filamu zile walionyeshwa wao kwanza kabla hazijafika kwa viongozi. Anayeamua kipi kibaki na kipi kifutwe ndiye mwenye filamu, wala si yule aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Lipa mkalimani wa lugha ya alama kabla ya kulipia chakula. Tafuta ukumbi usio na ngazi. Tena nasema, usihariri peke yako.

Ofisi moja iliyoahidi kutusaidia ilitutaka tuongeze machozi na muziki wa huzuni. Tulipokataa, hawakupokea simu zetu tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na bado wapo wanaotaka tuonekane tukilia ndipo watusikilize! Usikubali, hata kama ndiyo fedha pekee iliyo mbele yako.

Filamu tuliyoionyesha Pasua mwezi uliopita haina muziki huo. Picha yangu ya uso, niliyokuwa naipenda kuliko zote, dada yule aliifuta mwenyewe. Sehemu anazozungumza kwa mikono zina maandishi chini, na kwa kuwa asiyeona angeachwa na ukimya mtupu, mwenzetu wa sauti aliikariri tafsiri yote, akairekodi kwa sauti yake, naye dada akakaa kando yake akimgusa bega kila sentensi mpya ilipoanza.