Rozari ya komunyo inakatika

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo dada. Mwanangu anapokea komunyo ya kwanza mwezi ujao, nataka nimtengenezee rozari mwenyewe ila uzi unakatika kila mara. Nakosea wapi?

JIBU: Milele amina mama, na hongera sana! Achana na uzi wa kushonea, nunua mshipi wa kuvulia samaki, ukimaliza funga fundo mara tatu halafu ncha uiguse na moto wa kiberiti kidogo tu isifumuke. Shanga ni 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu, hizo sita ziwe kubwa au rangi tofauti ili vidole vyake vizijue hata gizani. Mwite akae na wewe azipange kumikumi mezani, mi naona hapo ndo rozari inakuwa yake kweli. Kabla ya misa mpe padre aibariki.