Kitabu cha jua kwa mtoto wa miaka 6

Dada, umeuliza ni kitabu gani cha picha kitamjibu mwanao wa miaka 6 anayetaka kujua jua hulala wapi usiku. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa usiku na mchana. Ukikuta jua limejifunika blanketi nyuma ya mlima, kirudishe. Unatafuta kinachoonyesha Dunia ikijizungusha, upande mmoja mwangani, mwingine gizani. Kiseme pia kwamba jua ni nyota, na kwamba mwanga wake husafiri kama dakika 8 hadi kutufikia.

Shida ni kwamba vingi vinatoka Ulaya, vimejaa theluji na majira manne. Sisi wa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Desemba liko kusini, na Machi na Septemba linapita utosini. Hilo hutalipata kwenye picha zao. Mimi Machi moja nilisimamisha penseli kwenye donge la unga wa chapati pale balkoni, binti yangu akawa anachora kivuli kila baada ya muda. Kufika saa sita na nusu kilikuwa kimebaki kama ukucha. Akaniambia penseli imekula kivuli chake! Baada ya hapo ndipo kitabu kilimwingia.

Kwa bei, anzia kwa wale wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, inama uchague. Na umkanye asilikodolee jua macho, hata akiwa na miwani ya jua.