Miaka 11 ya sigara, na sikuwahi kununua pakiti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kongwa alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Wewe uliyeacha fegi, andika basi Serikali izipige marufuku. Pombe waiache, ina faida zake." Nilimjibu kwa mistari miwili, lakini moyo haukutulia. Mdogo wangu, leo nakujibu vizuri.

Mimi nimekulia Hombolo, hapa Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zetu zilienda kwenye mvinyo. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Bibi alikuwa anapika ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, na aliyekuja kutusaidia kulima hakuondoka na kiu. Pombe ilikuwa na heshima yake nyumbani. Mvuta sigara alionekana mhuni.

Nikaanza kuvuta nikiwa msaidizi wa fundi umeme, kwenye saiti. Nilinunua kwa Mangi mwenye duka, moja moja, shilingi mia mbili, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha. Chenji ya vocha, fegi. Chenji ya mkate, fegi. Kwa kuwa sikununua pakiti hata siku moja, nilijiamini kabisa kwamba mimi si mvutaji. Nilikuwa navuta sita kwa siku.

Halafu dada yangu akajifungua. Nilitoka kazini moja kwa moja kwenda kumwona mtoto, nimenunua na kanga. Sebule imejaa wageni. Nikanyoosha mikono, dada akasema, "Hapana, wewe unanuka moshi, mwanangu usimshike." Mbele ya watu wote. Dakika chache baadaye shemeji, aliyekuwa na bia tatu kichwani, akapewa mtoto ambebe. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo. Sijui kama nimeshalisahau jambo lile.

Lakini dada alikuwa sahihi kuhusu moshi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe, walivuta hewa ya wenzao. Pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019. Ukitazama namba hizo tu, kijana wa Kongwa ameshinda. Ila mke anayepigwa usiku hapigwi kwa sababu ya sigara. Na abiria wa bodaboda hafi kwa sababu dereva alivuta. Ndiyo maana mabishano ya kipi kifungiwe huwa nayaacha njiani. Marekani waliifungia pombe 1920, wakaifungulia 1933. Bhutan walikataza kuuza tumbaku 2004, magendo yakapita mpakani, na wakati wa Uviko wakalegeza. Gongo hapa kwetu ni haramu miaka yote, na kila mtaa unajua inapouzwa.

Kuna katazo moja nililoliona likifanya kazi: la viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017. Pombe haikuisha Dodoma. Lakini pale kijiweni kwetu, vijana waliokuwa wanaanza siku na kifuko mfukoni walikosa cha kuweka mfukoni. Kilichowamaliza kilikuwa ule udogo wake na urahisi wake. Fegi ya mia mbili ni kiroba kile kile! Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia 2007, unazitaka nchi zijitahidi kukomesha uuzaji wa sigara moja moja. Waheshimiwa wanaokuja bungeni hapa mjini waanzie hapo.

Wewe usiwasubiri. Mimi niliacha mara ya kwanza nikadumu wiki tatu, nikaenda baa Area C na marafiki, bia ya pili tu nikaomba fegi. Mara ya pili sikukanyaga baa miezi minne. Siku tatu za kwanza arosto, ile kiu ya sigara, ilinitesa, nilimfokea hadi fundi mkuu wangu. Nilibadilisha duka. Nililipa kwa simu ili nisirudishiwe chenji. Nawaambia tena, chenji ni adui, msikae nayo. Na msidanganyane kwamba mtaacha huku mnaendelea kukaa na bia mezani, haiwezekani, nimejaribu.

Kaa chini upige hesabu. Zangu: sita kwa siku, mia mbili mara 365, ni shilingi 438,000 kwa mwaka. Bibi alikuwa anaomba bati kumi za jiko lake kila Krismasi, nami kila Krismasi nilimwambia sina.

Jana nilipita kwa Mangi wa zamani, nikanunua sabuni. Kiberiti bado kinaning'inia kwenye kamba. Akanirudishia mia mbili, akaniangalia usoni, akiwa ameshashika pakiti. Nikamwambia, "Nipe na pipi moja, ya mpwa wangu."