Maswali ya Wasomaji: Unguja au Morisi?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi na mmoja, na makao yetu ni Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kwa mara ya kwanza tumeweka akiba inayoweza kutupeleka kisiwani sote wanne. Konji yangu ni ya mwezi wa saba, watoto wakiwa wamefunga masomo. Mama yao anataka twende Morisi, kwa sababu dada yake alikwenda huko na picha zake zinavutia sana. Mimi napendelea Zanzibar, kwa kuwa ni karibu na tutasikilizana na wenyeji. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Utuamulie. (Baba wa wawili, Kamalondo)

JIBU: Baba, pokea salamu pamoja na mama watoto. Nitaanza na mwezi mliopangiwa, kwa sababu huo unaamua mengi kuliko picha za shemeji yako. Morisi iko nyuzi 20 kusini ya ikweta, yaani kusini zaidi kuliko hata Lubumbashi, na Julai huwa katikati ya majira yake ya baridi: mchana joto hufika nyuzi 24 hivi, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 17, na upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nyingi mfululizo. Hiyo ni hali nzuri ya kupanda milima na kutembea mjini Port Louis, lakini mtoto atakayetumbukia baharini saa nne asubuhi atatoka akitetemeka, na nyinyi mtakuwa mmelipa fedha nyingi kuikimbia baridi ya Lubumbashi na kuikuta nyingine. Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, iko takriban nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Mvua za masika, ambazo hunyesha kwa nguvu kuanzia Machi hadi Mei, huwa zimekwisha, kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, hupunguza ukali wa jua, na maji ya bahari hubaki na joto la kuogea. Kwa mwezi wa saba, basi, nipo upande wako.

Hata hivyo mama watoto ana hoja moja ambayo pengine hata yeye hajaitaja. Morisi imezungukwa karibu yote na miamba ya matumbawe, mawimbi makubwa huvunjikia mbali, na kina cha maji hakibadiliki sana kutwa nzima, kwa kuwa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko haifiki mita moja. Kwa watu wasiojua kuogelea, hilo si jambo dogo. Unguja ni tofauti kabisa, na hapa ndipo wageni wengi kutoka bara hushangaa. Sisi tumezoea Ziwa Tanganyika, kule Moba au Kalemie, ambako maji uliyoyaacha asubuhi ndiyo utakayoyakuta jioni. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji kama Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, tofauti ya kina hukaribia mita nne. Aliyefika saa ya maji kujaa huona bahari ikigusa minazi. Akirudi baada ya kula na kulala kidogo, anakuta mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wameinama kwenye kamba zilizofungwa vijiti wakitunza mwani wao.

Wapo wanaolalamika kwamba wameibiwa bahari. Kwangu mimi, kwa watoto wa umri huo, maji yakipwa ndipo raha inapoanza, kwa sababu hubaki vidimbwi vya maji ya uvuguvugu visivyofika magotini, vyenye kaa, samaki wadogo na viti vya pwani, wale wanyama wenye umbo la nyota. Wavalisheni viatu vya mpira, maana kwenye mawe hujificha viumbe weusi wenye miiba mirefu ambayo huvunjikia ndani ya nyayo. Jambo la hatari ni maji yanaporudi: huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, na aliyekwenda mbali anaweza kukatiwa njia. Kila asubuhi muulizeni mvuvi au mwenyeji wenu saa ya kujaa na saa ya kupwa. Kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo jibu la jana halifai leo.

Ningeligawa konji hivi: siku chache Mji Mkongwe, kwa ajili ya nyumba zake, soko la Darajani na vyakula vya jioni pale Forodhani, kisha zilizobaki mzitumie Kendwa au Nungwi, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali sana yakipwa na upande wa magharibi hukingwa na upepo wa kusi. Mashariki nendeni kwa siku moja tu, ya maji kupwa. Morisi muiwekee mwaka ambao konji itaangukia Oktoba au Novemba mwanzoni, kabla ya majira ya vimbunga.

Kuhusu karatasi, kila mtoto awe na pasipoti yake. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na kadi ya njano isiachwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Zanzibar ina pia bima ya lazima kwa wageni, iliyoanza 1 Oktoba 2024, ambayo hulipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Bima mliyonunua kwingine haichukui nafasi yake. Mambo ya viza waulizeni wawakilishi wa Tanzania, si majirani. Na kama mnawaza kwenda kwa barabara kupitia Kasumbalesa na Tunduma ili kuokoa fedha, ni takriban kilomita 2,000 hadi Dar es Salaam, nyingi kati yake nyuma ya malori ya shaba. Mimi nisingewafanyia watoto hivyo.

SWALI: Tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Mchumba wangu anataka Shelisheli, mimi nataka mahali patulivu pasipotumalizia fedha. Je, kuna kisiwa cha namna hiyo? (Bibi harusi, Katuba)

JIBU: Hongera, binti yangu. Shelisheli ni nzuri kweli, na visiwa vyake vikuu kwa kawaida haviko kwenye njia ya vimbunga, lakini Desemba na Januari ndiyo miezi yake ya mvua nyingi, na bei za huko si za wanaoanza maisha. Mwambie mchumba wako asome habari za kisiwa cha Mafia, kusini mwa Dar es Salaam. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza Tanzania, nyumba za wageni ni chache, na kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe hufika karibu na Kilindoni kula vijidudu vya majini. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hamng'ati mtu. Mnaweza kumtazama kutoka ndani ya boti hata kama hamwogelei. Mkataeni nahodha anayemkimbiza au anayewaambia mmguse.