Mjonso wanaotafuna sokwe wa Mahale, nimpe mtoto?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko Buhingu, Uvinza. Mwanangu wa miaka mitatu tumbo linamsumbua na homa inapanda usiku, bibi yake kachuma majani ya mjonso, ule mti mdogo mchungu, anataka kumchemshia, anasema hata sokwe wa hifadhi ya Mahale wanajitibu nao. Baba yake hataki kabisa, anasema huo ni ushirikina. Tumsikilize nani? – Mama Zawadi

JIBU: Mama Zawadi, pole sana na mtoto. Kwa habari ya sokwe bibi yuko sahihi kabisa na ushirikina haupo hapo. Mwaka 1987 humohumo Mahale mtafiti Michael Huffman alikuwa porini na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe anayezijua dawa za miti kwelikweli, wakamwona sokwe jike aitwaye Chausiku amenyong'onyea, muda mwingi kalala tu, basi akaufuata mjonso akavunja tawi changa akaanza kutafuna. Kalunde akamwambia mwenzake hiyo kwetu ni dawa, ya tumbo, ya minyoo, ya homa. Kesho yake Chausiku akawa na nafuu. Baadae watafiti wakaona sokwe wanautafuna zaidi kipindi cha mvua, ndo wakati minyoo ya utumbo inawazidi, na maabara wakakuta kweli una kemikali zinazopiga vimelea.

Ila tazama anavyoutumia, maana hapo ndo penye jibu lako. Majani anayatupa. Ganda la tawi analimenya lote mpaka libaki lile moyo laini la ndani, analitafuna taratibu ananyonya maji yake machungu, makapi anatema. Na sokwe wazima wa afya walioko pembeni kwa kawaida hawahangaiki nalo. Sababu ni kwamba kwenye majani na ganda kumejaa kitu kinaitwa vernodalini ambacho kikizidi ni sumu, kwenye moyo wa tawi kipo kidogo sana. Sasa bibi kachuma nini? Majani!

Najua utaniambia mbona watu wanayala, ni kweli, Nigeria na Kameruni hiyo ni mboga ya kila siku, lakini wanayafikicha na kuyaosha maji mengi wanamwaga uchungu kwanza ndo wapike. Nyie mnataka kumnywesha mtoto uchungu wenyewe.

Kwa hiyo huyu wa miaka mitatu usimpe, sufuria ya majani haipimiki dozi na mwili wake mdogo. Mpeleke zahanati leo akatobolewe kidole apimwe malaria, majibu hayafiki hata nusu saa, ikionekana ipo atapewa dawa mseto kulingana na uzito wake. Kama anaharisha omba ORS na zinki. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akilegea hamkai nyumbani hata kama ni usiku wa manane.

Bibi msimgombeze tafadhali, ujuzi wake ni wa kweli na watafiti wamejifunza kwa watu kama yeye, mwombe aende na nyie. Na kama mtoto ameshaonjeshwa huo mjonso mwambieni mhudumu bila kuficha, kiasi gani na saa ngapi.