Bawasiri daraja la 2 na la 3 bila kisu: mpira, sindano, mionzi ya joto

Mkuu, umeuliza kama kinyama kinachotoka ukienda haja kubwa lazima kikatwe. Si lazima. Kikirudi chenyewe ni daraja la 2, ukikirudisha kwa kidole ni la 3, na yote mawili kwa kawaida huanzwa na mpira, yaani kukifunga kinyama kwa kipete. Kilichoota nje na kufunikwa na ngozi hakifungwi.

Sababu ni hii: ndani kidogo ya njia ya haja kuna mstari ambapo ngozi inakutana na utando wa utumbo. Chini ya mstari hisia ni kali, juu yake mchomo husikii, unasikia msukumo tu. Kwa hiyo mpira unakaa angalau sentimeta 1 juu ya mstari. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Daktari anaingiza kibomba cha kutazamia, anavuta kinyama kwa kifyonzi au koleo, kisha anaachia kipete cha mpira kwenye shina. Dakika chache, bila ganzi. Kinyama kinakosa damu, kinakauka na kudondoka siku ya 5 hadi ya 10, na kovu linaushikilia utando.

Maumivu makali yakikushika ukiwa bado kitandani, sema palepale: mpira umekaa chini mno, unakatwa na kufungwa upya. Ukinyamaza mpaka nyumbani, huo usiku utaujua urefu wake. Ila kuhisi unabanwa na choo siku 1 au 2 ni kawaida. Usikae kusukuma, hakuna choo pale, ni huo mpira.

Mara moja hufungwa 1 hadi 3. Vikiwa vingi, maumivu na mkojo kugoma huongezeka. Awamu inayofuata ni baada ya wiki 4 hadi 6. Matone ya damu siku ya kudondoka ni sawa. Damu ya mabonge, nenda hospitali. Homa, maumivu yanayozidi na mkojo kukataa ni maambukizi ndani ya nyonga. Ni nadra, lakini yanaua, usisubiri asubuhi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, aseme mapema, asiache dawa kwa akili yake.

Sindano ni fenoli (dawa ya kukausha kinyama) ya asilimia 5 kwenye mafuta ya lozi, mililita 3 hadi 5 kila shina, kwa daraja la 1 (kinyama bado hakitoki nje) na la 2. Mwenye mzio wa lozi aseme. Kwa mwanamume, ya upande wa mbele ikizama sana inagusa tezi dume na mkojo unatoka na damu. Mionzi ya joto hupigwa kama sekunde 1 na nusu, sehemu 3 au 4 za kila shina. Inauma kidogo kuliko mpira, lakini tatizo hurudi zaidi.

Dawa za mitaani za kuunguza mgoro, yaani bawasiri, ziache. Zinababua ngozi na kovu linabana njia, halafu choo kinatoka chembamba kama kamba.

Ukiwa umevuka miaka 40, au choo kimebadilika, omba kwanza utumbo mpana upimwe kwa kamera, maana saratani nayo hutoa damu kama ya bawasiri.

Baada ya kufungwa: dona, maharage, mchicha, maji lita 2 kwa siku. Maumivu, parasetamoli; kodeini inafunga choo. Chooni dakika 5 zinatosha, simu ibaki sebuleni.