Google haikupi unachotaka? Badilisha unachoandika

Mkuu, umesema unaandika swali zima Google, kinachokuja ni matangazo ya maduka na blogu zinazonakiliana, bando linakata na jibu hujalipata. Nina steshenari Mwenge, na nusu ya kazi yangu ni kuwatafutia wateja vitu mtandaoni, kwa hiyo hili nalijua.

Acha kuandika swali lako. Andika maneno ambayo mwenye jibu aliyaandika.

Mashine ya kufulia ya dada yangu wa Sinza, aina ya LG, iligoma kumwaga maji, nguo zikabaki zinaelea. Aliandika "mashine ya kufulia imeharibika Dar", akaletewa maduka ya Kariakoo. Fundi aliyemwita akataka kubadilisha pampu nzima. Nilipofika nikaona kwenye kioo cha mashine kumewaka herufi OE. Nikaandika "LG OE" tu. Jibu lilikuwa la kwanza kabisa: maji yanashindwa kutoka, angalia chujio la pampu. Tukafungua kile kijimlango cha chini mbele, tukatega beseni, tukazungusha kifuniko. Ndani mlikuwa na sarafu ya shilingi 200, kifungo cha sare ya shule na bonge la nyuzi. Mashine inafua mpaka leo. Maneno ya dada yangu yangemfaa fundi. Google ilihitaji zile herufi mbili.

Kwenye mambo ya serikali ni vivyo hivyo. Mzee wa Kimara mwenye mgogoro wa kiwanja alikuwa anaandika "sheria ya ardhi inasemaje" na anasoma maoni ya watu. Sheria yenyewe ni Namba 4 ya mwaka 1999, Sura ya 113. Andika "Sura ya 113" ndani ya alama za kunukuu ili maneno yafuatane hivyo hivyo, kisha ongeza site:go.tz, bila nafasi baada ya nukta mbili, ili zije tovuti za serikali tu. Ukiweka na filetype:pdf, unabaki na nyaraka za PDF. Sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jaribu pia "Land Act". Hukumu za mahakama ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure.

Ukishafungua waraka mrefu usiusome wote. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, kwenye Chrome ya simu gusa nukta tatu uchague kutafuta ndani ya ukurasa. Mzee aliandika "fidia", tukaruka moja kwa moja hadi vifungu vyake. Wateja wangu wengi hawajui hili, na inaniuma kuona mtu anamaliza bando akiviringisha kurasa.

Alama ya kutoa huondoa usichotaka, mfano -bei, ikigusana na neno. Bei za mafuta zinazozunguka WhatsApp zihakiki kwa site:ewura.go.tz, tovuti ya EWURA, mamlaka ya serikali inayotangaza bei hizo upya kila mwezi.

Tafadhali sana, soma mwisho wa jina la tovuti kabla ya kulipa chochote; ya serikali huishia na .go.tz. Binti mmoja alikuja analia, ametuma elfu ishirini kwa "ada ya usaili" kwenye ukurasa ambao jina la tovuti yake lilikuwa na neno ajira, go na tz katikati, lakini likiishia na .com. Ukurasa huo ulikuwa wa kwanza juu kwenye Google, kwenye matangazo ya kulipia.

Hukutaja ulichokuwa unatafuta. Kiweke hapa pamoja na maneno uliyoandika, nitakijaribu leo jioni nikishapunguza foleni ya dukani.